Kikapu cha mama msusi, baada ya miezi 11 ya soko

Kikapu ninachotaka kukisimulia nimekibeba miezi 11, kila siku isipokuwa Jumapili. Mimi ninapika na kuuza chakula hapa Nyawera, mjini Bukavu, mashariki ya Kongo: bugali, sombe (majani ya muhogo), maharage, lengalenga (mchicha), sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, na Ijumaa nyama ya mbuzi kama wiki imekwenda vizuri. Nina meza 4. Ninachopika mchana nimekinunua asubuhi, kwa hiyo kikapu kwangu ni chombo cha kazi sawasawa na sufuria na mwiko. Hiki kimepanda nami ngazi za soko la Kadutu, kimeteremka Bichi ya Muhanzi kungoja mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi, kimekaa juu ya mapaja yangu ndani ya teksi iliyojaa, na kimelowa mvua yote ya Machi, Aprili na Mei. Ninajua kinaponisaidia na ninajua kinaponiuma.

Kabla yake nilikuwa mtu wa mifuko ile mikubwa ya mistari, yenye zipu, inayotoka China. Dola 2 mmoja. Anayeiuza sina ugomvi naye, naye anatafutia watoto wake. Lakini mfuko mmoja ulikuwa unanitosha wiki 6, nikibahatika 8. Kwanza zipu hukataa. Kisha mshikio hung'oka upande mmoja, na hung'oka siku umejaza. Siku moja nyanya zangu zilibiringika kwenye mteremko wa Kadutu mpaka mferejini, watoto wa watu wakanisaidia kuziokota, nikarudi jikoni na nusu yake, nyingine zimepasuka. Jioni ile nilifungua daftari la hesabu. Mifuko 8 kwa mwaka, dola 16, na mwaka ukiisha sina mfuko.

Mama msusi nilikuwa nikimpita miaka yote. Anakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mbao, ukipandisha kutoka sokoni, mgongo ukutani, kikapu katikati ya magoti. Amenizidi umri, ninamwita mama, naye ananiita dada. Hapendi jina lake litembee kwenye simu za watu, nami ninamheshimu. Ukiuliza pale sokoni «mama wa vikapu vya chupa», mtu yeyote atakuonyesha.

Anatumia vitu viwili. Cha kwanza ni ile mikanda migumu ya plastiki inayofunga mabalo ya mitumba. Balo likifunguliwa asubuhi Kadutu, mikanda hukatwa na kutupwa chini. Vijana wawili wanamwokotea, wanamletea kwa mafungu, naye anawalipa kwa fungu. Cha pili ni chupa za plastiki, za maji na za soda. Huziosha, hukata kitako, kisha huziingiza kwenye kifaa alichojitengenezea: kipande cha mbao ngumu kilichochanjwa, na ubapa wa kisu umekazwa pale kwenye mchanjo. Anavuta ncha, chupa inazunguka, inajimenya kama chungwa ambalo ganda lake halikatiki, mpaka inabaki shingo peke yake. Uzi unaotoka chupa moja ni mrefu kupita chumba changu cha kulala. Siku ya kwanza nilisimama kumtazama robo saa, na maharage yangu yakiwa motoni.

Mikanda ya balo ndiyo mifupa: kitako na kuta. Kitako anakisuka juu ya ubao, mkanda mmoja juu, mmoja chini, halafu anaikunja yote kwenda juu kuzunguka sanduku la mbao ili kuta zisimame sawa. Uzi wa chupa unafunga mdomo na unavishwa kwenye mishikio, na hapo ndipo nilipoona akili ya mtu huyu. Uzi wa chupa ukipata joto hunywea. Kwa hiyo akimaliza kuuzungusha kwenye mshikio anaumwagia maji yaliyochemka kutoka kwenye birika, unajikaza wenyewe, na mshikio unakuwa kitu kimoja, mgumu, usiochubua kiganja. Hakuna aliyemfundisha. Aliona chupa iliyosahauliwa karibu na mbabula, jiko la mkaa, imejikunyata, akajiuliza joto lile linaweza kumfanyia kazi gani.

Chini ya mdomo, upande wa ndani, utakuta uzi mmoja wa manjano, urefu wa kidole. Ni alama yake. Kikapu kisicho na uzi huo hakikutoka mkononi mwake, na vipo, nitakuja kusema.

Kikapu cha kati kinamchukua siku 2, kama umeme upo. Umeme ukienda anaacha, kwa sababu kisu na giza ni hatari. Na chupa zenyewe zimo katika habari hiyo ya giza. Mji wetu umekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Mvua ikinyesha, kilichotupwa juu kwenye vilima kinateremka kwa mifereji hadi ziwa Kivu. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Ruzizi, na mto huo unaanzia hapa hapa kwetu kwenda ziwa Tanganyika. Chini kidogo ya mlango huo kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa zinasafiri na maji, zinakwama kwenye vyuma vya kuchuja uchafu, nyingine zinapenya mpaka kwenye mitambo. Mitambo inasimamishwa, watu wanaingia kuzitoa, na nyumba zinakuwa giza. Nilikuwa nikilisikia jambo hilo kwenye redio na kulisahau. Kumwona mama anasugua chupa zenye matope ya ziwani, beseni mbili kabla ya saa tatu asubuhi, kulinifanya nihesabu taa zangu zilizozimika na wateja wa jioni walioondoka.

Nilimuuliza zinaingia chupa ngapi kwenye kikapu kimoja. Kati ya 12 na 15, zile za lita moja na nusu. Si nyingi, na maji ya mvua moja ya Aprili hushusha chupa ambazo hakuna atakayezihesabu. Vikapu vyake havitasafisha ziwa, na hajawahi kumwambia mteja hivyo hata siku moja. Hilo nimelipenda sana kwake. Anakuuzia kikapu, anakisifu kama kikapu.

Siku ya kwanza alinitajia dola 9. Nikafanya tulivyozoea. Nikashangaa kwa sauti, nikakirudisha chini, nikasema, «Mama, sema bei ya mwisho. Mimi ni jirani, unipunguzie.»

Akakichukua, akakigeuza, akanionyesha kitako.

«Dada, nikutolee mkanda gani?»

Hakusema kwa hasira. Alingoja kweli nimwonyeshe. Nikatazama kitako kile, mikanda 24 imepishana bila nafasi ya kuingiza ukucha, nikakosa wa kuonyesha. Kisha akanihesabia kwa vidole: mikanda na chupa dola 2 na nusu, vijana dola 1, mlango anaoulipia kodi nusu dola kwa kila kikapu. Zinabaki 5, kwa siku 2 za mgongo. Nikafungua mkoba wa kiunoni nikalipa zote 9. Aliponirudishia kikapu aliniongezea matabishi, kijikapu cha ukubwa wa ngumi, ambacho mpaka leo ninawekea pilipili mezani.

Swali lile limekaa nami jikoni, kwa sababu mimi pia ninaambiwa kila siku. «Mama, sisi ni watu wako, utupunguzie.» Anayeniambia hivyo ni yule anayenipenda. Mgeni anakula, analipa, anakwenda. Tumejizoeza kudai bei ya ndugu kwa ndugu, kwa mtu tunayemjua watoto wake na madeni yake, na tukiingia kwenye duka kubwa lenye bei iliyobandikwa tunalipa kimya, hata tukiona ni ghali. Nimefanya hivyo miaka mingi. Tangu siku ile nikinunua kwa mtu anayetengeneza kwa mikono yake, ninauliza bei mara moja. Ikinishinda ninasema imenishinda, ninarudi mwezi mwingine. Simvunji bei.

Sasa matumizi yenyewe. Mishikio ni mizuri kuliko yote niliyowahi kushika. Nimejaza maharage makopo 10 ya Guigoz, yale ya maziwa ya watoto tunayopimia, viazi vitamu juu yake, mkungu mdogo wa ndizi juu kabisa, nikapanda kutoka sokoni bila kusimama, na mishikio haikulia. Kitako kinakaa sawa, ukikiweka chini hakipinduki. Hiki kinaoshwa kwa sabuni na maji baridi, kinakauka kabla sijamaliza kumenya vitunguu. Mfuko wa zamani ulikuwa unanuka samaki mpaka siku ya kufa kwake, kikapu hakinuki.

Mawese lakini hayatoki. Chupa yangu ya mafuta ilivuja mwezi wa pili, mikanda myeupe ya upande ule ni ya rangi ya machungwa mpaka leo.

Matundu ni faida na ni hasara. Sambaza ninazinunua mbichi asubuhi, bado zinang'aa. Samaki hawa wenyewe waliletwa ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, miaka ileile ya bwawa, na leo Bukavu bila sambaza haijiwezi. Ndani ya kikapu maji yao yanachuruzika, hawakai wakilowa, wanafika jikoni wagumu. Lakini maji hayo yanachuruzikia kikwembe chako, yaani kitenge ulichovaa, na mtu wa kando yako kwenye teksi hatafurahi. Mimi siku hizi ninatandika jani la mgomba chini, likiwa limepitishwa juu ya moto kidogo ili lisipasuke. Unga wa muhogo au wa mahindi usiumimine humo bila mfuko wa kitambaa. Mchele vilevile.

Ncha za mikanda. Kikapu cha kwanza kilikuwa na ncha 3 zilizojitokeza ndani ya mdomo, zikanichana kiganja na kunitoboa kikwembe kizuri cha Jumapili nilipokibeba kwenda kumtembelea mgonjwa. Nilirudi kumwambia. Alizipitisha kidole moja moja, akazikunja ndani, akazifunga kwa uzi, na tangu hapo vikapu vyote anavitoa vimekunjwa. Ukinunua, pitisha mkono wako mdomoni ukizunguka kabla hujalipa. Hatakukasirikia.

Joto ni adui yake. Lile lile linalokaza mishikio linaharibu kuta. Nilikiweka karibu na mbabula usiku mmoja nilipochoka, asubuhi upande mmoja umejikunja kwa ndani, na haukurudi. Hata jua: mkanda mmoja wa bluu ulikatika mwezi wa nane, wenyewe, bila mzigo mkubwa. Ya kijani na myeupe bado mizima. Mama anasema mikanda haifanani, mingine imeshakaa juani kabla balo halijafika, na macho peke yake hayatambui. Alinibadilishia ule wa bluu nikiwa nimesimama pale, akaongeza kitako cha pili chini ya kile cha kwanza, akachukua franka 1,000. Kitu kama hicho mfuko wa zipu haukuweza kunipa kwa bei yoyote: mahali pa kuurudisha, na mtu anayekumbuka aliufungaje.

Rangi huchagui. Zinakuja kama mabalo yalivyofungwa. Kikapu changu ni cheupe na kijani na ule mkanda mmoja mpya wa manjano kama alama ya kidonda. Anayetaka chekundu kitupu kwa ajili ya harusi atangoja sana.

Na jambo lililoniudhi kweli ni siku za kungoja. Kikapu cha pili niliagiza kwa ajili ya dada yangu anayesafiri kwenda Uvira. Aliniambia siku 5. Zikapita 5, zikapita 8, dada yangu akaondoka na mfuko wa zipu, kikapu kikatoka siku ya 12. Mikanda ilikuwa imekosekana, mabalo yalikuwa yameingia machache. Ninaelewa, mimi pia siku nyingine ninakosa sombe. Lakini mteja wangu akija nikiwa sina sombe, ninamwambia mlangoni kabla hajakaa. Nilimwambia hivyo hivyo mama, uso kwa uso, si kwa majirani. Alinyamaza kidogo, akasema, «Niliogopa ukisikia hakipo utakwenda kwa mwingine.» Hofu hiyo ninaijua. Sasa anatuma kijana mmoja na salamu, hata kama habari ni mbaya, na mimi ninaagiza wiki 3 kabla.

Nilisema kuna vikapu visivyo na uzi wa manjano. Mwaka jana mwanaume mmoja alikuja, akapiga picha za vikapu vyote, akauliza bei ya vikapu 40. Akataka kila kimoja kwa dola 4, bila ule uzi, kwa sababu alitaka kuweka kibandiko chake. Mama alikataa uzi kutolewa, na bei pia. Miezi 2 baadaye vikaonekana vikapu vinavyofanana kwa mbali, mdomo umepigwa mara moja tu, mishikio haikukazwa kwa maji ya moto. Vinauzwa dola 6. Rafiki yangu alinunua, mshikio ulifunguka kama msuko wa nywele. Sisemi aliyevisuka ni mtu mbaya. Labda alilipwa dola 1 kwa kazi hiyo, na kwa dola 1 mimi pia nisingekaza kitu. Ninachosema ni kwamba nilijisikia vibaya kuona kazi ya miaka ya mtu imechukuliwa kwa picha moja ya simu, na silaha yake yote ni uzi wa urefu wa kidole. Kwa hiyo ninauonyesha. Kila anayeniuliza nimekitoa wapi kikapu, ninakigeuza, ninamwonyesha ule uzi.

Kuna pia wale wanaokuja mara moja na kununua 20 kwa ajili ya mkutano au zawadi. Wanafanya vizuri, siku hiyo kwake huliwa nyama. Mimi lakini nimepika kwenye harusi, ninajua fedha ya harusi inavyokwenda: unanunua gunia la mchele, unalipa deni moja, wiki ijayo unatafuta tena. Kodi yangu ya nyumba inalipwa na mafundi wa gereji 3 na mwalimu 1 wanaokula kwangu kila siku ya kazi, sahani moja moja, hata siku chakula si kitamu sana. Nilimuuliza mama kama kwake ni hivyo. Akanionyesha ukutani, ndani ya mlango, mistari ya makaa: wateja 11 wanaorudi, wengine kwa kikapu kipya, wengine kwa kutengeneza tu. Alisema hao 11 ndio wanaomfanya aamke bila kuogopa mwanzo wa mwezi. Mmoja ni muuza karoti aliyekuwa akivuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda. Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na kila mara sashe zake, mifuko yake ya plastiki, zilikuwa zinabaki mpakani. Kwetu pia amri ilitiwa sahihi mwishoni mwa 2017 na ilianza 2018, lakini nunua pilipili 5 uone utafungiwa ndani ya nini.

Mwaka 2025, benki zilipofunga milango hapa mjini, noti zilipungua, na zile zilizobaki zikachakaa mpaka watu wakawa wanazigeuza mara mbili kabla ya kuzipokea. Wakati huo mimi nilikuwa bado mpita njia kwa mama, lakini hadithi yake ni kama yangu. Watu walimpendekeza abadilishane: kikapu kwa unga, kikapu kwa mkaa. Alikubali mara kadhaa, akajuta. Mimi na yeye tulikubaliana mapema: yeye anakula kwangu Jumatano na Jumamosi, analipa sahani yake, mimi ninalipa kikapu changu. Niliwahi kubadilishana chakula na mtu mwingine, fundi, sahani kwa kazi, na mwisho kila mmoja akawa moyoni anaona amepunjwa, na hakuna daftari la kuamua. Fedha ikipita mkononi, hata kidogo, wote wawili wanajua walipo. Kikapu cha pili nilikilipa kwa wiki 3, dola 3 kila Jumamosi, na aliandika.

Kibao cha mbele ya meza zangu pia kimetoka mkononi mwa mtu, nitakisema kwa kifupi kwa sababu wengi wameniuliza. Kijana wa Kadutu alinichorea kwa rangi ya mafuta, samaki na sahani ya bugali inayotoa mvuke, dola 25. Turubai ya kuchapishwa ingekuwa 15. Alikuja kwanza kula, akatazama sambaza zangu zilivyopangwa, ndipo akachora zile zile, ndogo, nyingi, kila moja na jicho lake. Watoto wa shule wanasimama kuzihesabu. Mvua mbili kubwa zimekipiga, na rangi iko pale pale.

Nani nisingemshauri anunue kikapu hiki? Mwenye kupanda pikipiki kila siku. Kinapanuka ubavuni, motari analalamika, na mishikio ya kawaida ni mifupi kwa bega. Mwombe mirefu, anaongeza nusu dola. Na asinunue anayekuja kwa huruma. Nimewaona, wanalipa, wanaacha kikapu kwenye kona ya nyumba, hawarudi hata kwa kutengenezwa. Kinunue kama unakwenda soko, ukichoshe, ukirudishe, uulize kwa nini mkanda umekatika.

Sasa hivi nimemwagiza cha tatu, cha mraba chenye mfuniko, cha kuwapelekea wale wa gereji sahani 6 mvua inaponyesha. Shida ni hiyo ya joto: sahani ya maharage iliyotoka motoni itafanya nini kwenye kuta zake? Mama amefikiria kutandika ndani mianzi iliyopasuliwa, iwe na nafasi ya kidole kati ya sahani na plastiki. Alipima sahani zangu kwa kamba, akapiga fundo kila kipimo, akaivaa shingoni ili isipotee. Ametaja dola 14, nami nimetoa 5 za kwanza. Jumanne ninapeleka birika na sahani moja, tutaijaza maji yanayochemka, tuiweke ndani, tufunike, tukae tuangalie.